Chuo kikuu cha kilimo ni cha nani? Historia na muundo wa SUA

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, mjadala uleule hurudi katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Tabata hadi Mbagala. Mtoto amemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB au CBG, amechaguliwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yaani SUA, na wazazi wanaulizana kama ada zote zile zililipwa ili mtoto akashike jembe Morogoro. Mjomba anasema chuo hicho ni cha Wizara ya Kilimo, hivyo ajira haina shida. Shangazi anasema ni chuo alichokijenga Sokoine mwenyewe enzi za uhai wake. Jirani naye anaongeza kwamba huko ndiko wanakofunzwa panya. Katika maelezo yote hayo mna chembe ya ukweli, na palipobaki pamejazwa na kukisia. Tatizo si kwamba watu hawakijui chuo hiki. Tatizo ni kwamba wanakichanganya na taasisi nyingine tatu au nne zinazofanana nacho kwa jina au kwa kazi, na mkanganyiko huo huwafanya wadai mambo ambayo chuo hakina mamlaka nayo, huku wakiyaacha yale ambayo kinaweza kweli kuwapa.

Tuanze na istilahi, maana bila hizo hatutaelewana. Chuo kikuu cha umma ni taasisi iliyoundwa kwa mujibu wa sheria, inayomilikiwa na Serikali kwa niaba ya wananchi, na yenye mamlaka ya kutunuku shahada kuanzia ya kwanza hadi ya uzamivu. Taaluma yake husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Chuo cha kilimo cha kawaida, kama vile vyuo vya Wizara ya Kilimo vinavyofahamika kwa kifupi cha MATI, hutoa astashahada na stashahada, na msimamizi wake wa taaluma ni NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Taasisi ya utafiti wa kilimo, kama TARI, haikuundwa ili kutunuku shahada; kazi yake ni kutafuta mbegu bora, mbinu bora na kinga ya magonjwa ya mazao. Wizara, kwa upande wake, hutunga sera na kusimamia utekelezaji. SUA ni chuo kikuu. Hutoa pia baadhi ya stashahada, na hufanya utafiti mwingi, lakini hayo hayakifanyi kuwa MATI wala TARI, na wala hakiko chini ya Wizara ya Kilimo. Kiko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na sababu ya kuwa huko inaonekana vizuri zaidi katika historia yake.

Kutoka Mtaa wa Lumumba hadi chini ya Uluguru

Wakazi wengi wa jiji hili wanajua kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikifundisha sheria, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba kuanzia 1963 hakikuwa chuo kikuu kinachojitegemea, bali tawi mojawapo la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoziunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Nchi tatu zilizotoka tu kupata uhuru hazikuwa na fedha za kujenga kila kitivo mara tatu, kwa hiyo ziligawana: sheria ilikuwa Dar es Salaam, kilimo kilifundishwa Makerere, na udaktari wa mifugo ulikuwa Nairobi. Mtanganyika aliyetaka shahada ya kilimo alipaswa kufunga safari ya Uganda, na aliyetaka kuwa daktari wa ng'ombe alikwenda Kenya.

Wakati huohuo, mwaka 1965, chuo cha kilimo kilianzishwa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, umbali wa karibu kilomita 200 kutoka Dar es Salaam. Kilikuwa chuo cha stashahada, cha kuandaa watu ambao wakulima waliwaita mabwana shamba na mabibi shamba. Laiti mambo yangebaki hivyo, leo pengine kingekuwa MATI Morogoro. Lakini mwishoni mwa muongo ule ushirikiano wa vyuo vya Afrika Mashariki ulianza kulegea, na mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, kila nchi ikabaki na chuo chake. Tanzania, nchi ambayo sehemu kubwa ya watu wake walikuwa wakulima, na ambayo miaka michache tu nyuma ilikuwa imetangaza katika Azimio la Arusha kwamba kilimo ndicho msingi wa maendeleo, ilikuwa inaachwa bila kitivo cha kilimo. Katika mabadiliko hayo ya 1969 na 1970, chuo cha Morogoro kilipandishwa hadhi kikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ndiyo maana mzee aliyesoma kilimo Morogoro miaka ya sabini huenda ana cheti chenye nembo ya Mlimani ingawa hakuwahi kulala hata usiku mmoja katika mabweni ya Mlimani. Vijana wakiona cheti hicho hudhani kuna kasoro. Hakuna kasoro yoyote, kwa sababu kuanzia mwaka 1970 hadi 1984 shahada za Morogoro zilikuwa shahada za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kitivo kile hakikubaki cha kilimo peke yake. Mwaka 1974 kiliongezewa misitu, na mwaka 1976 kikaongezewa sayansi ya tiba ya mifugo, kikawa Kitivo cha Kilimo, Misitu na Sayansi za Tiba ya Mifugo. Hapa ndipo penye ufunguo wa jambo lote. Kufikia katikati ya miaka ya sabini, kilichokuwa kikifundishwa Morogoro kilikuwa kimevuka mipaka ya wizara moja. Misitu na wanyamapori ni mambo ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ng'ombe na samaki leo wako Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na mahindi na maharage yako Wizara ya Kilimo. Ukikikabidhi chuo cha namna hiyo kwa wizara mojawapo kati ya hizo, utakuwa umezipokonya mbili zilizobaki. Kwa maoni yangu, kukiweka upande wa elimu lilikuwa jambo la busara, ingawa lina gharama yake, nami nitaieleza baadaye.

Tarehe 1 Julai 1984, kwa Sheria Na. 6 ya mwaka huo, kitivo kilitengwa na Mlimani kikawa chuo kikuu kamili, cha pili nchini baada ya Dar es Salaam. Wanaofahamu historia ya Muhimbili na Ardhi watautambua mtindo huu wa kitengo kukua hadi kujitegemea, lakini Morogoro ilitangulia mbali: Muhimbili ilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991 na Ardhi mwaka 1996, na vyote viwili vikawa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza wa SUA alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, mtu wa hisabati na elimu, si wa kilimo, ambaye baadaye alikwenda kuwa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania pale Kinondoni.

Na jina la Sokoine? Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu, alifariki dunia kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, alipokuwa akitoka Dodoma kuja Dar es Salaam. Chuo kilizaliwa chini ya miezi mitatu baada ya msiba huo, mkoa uleule, nchi ikiwa bado na majonzi, na kikapewa jina lake kwa heshima yake. Kwa hiyo shangazi anayesema Sokoine ndiye aliyekijenga anachanganya kuenziwa na kuanzisha. Siku ajali ilipotokea, mafunzo ya kilimo pale Morogoro yalikuwa na umri wa karibu miaka 19.

Sheria ile ya 1984 haipo tena. Mwaka 2005 ilitungwa Sheria ya Vyuo Vikuu, Na. 7, iliyoviweka vyuo vikuu vyote, vya umma na vya binafsi, chini ya mwavuli mmoja, na tangu 2007 SUA inaendeshwa kwa Hati Idhini yake yenyewe. Hati hiyo ndiyo inayosema nani ana mamlaka gani, na mambo mengi yanayobishaniwa mitaani majibu yake yamo humo.

Nani anaamua nini

Kosa linalofanywa na watu wengi, wakiwemo baadhi ya waandishi wa habari, ni kudhani kwamba Makamu Mkuu wa Chuo ni naibu wa mtu fulani anayekaa ofisi ya jirani. Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima kinachotolewa na Rais; mwenye cheo hicho huongoza mahafali na kuwatunuku wahitimu shahada zao, lakini hasaini hundi wala hapangi ratiba ya mitihani. Kwa SUA cheo hicho amekishika Jaji Joseph Sinde Warioba, na kabla yake kilishikwa na Al Noor Kassum. Mtendaji halisi, anayewajibika kwa fedha, wafanyakazi, mitaala na nidhamu, ni Makamu Mkuu wa Chuo. Mwenye kuhudhuria sherehe za mjini ataelewa haraka: mgeni rasmi huketi meza kuu na kukabidhi zawadi, ila anayejua ukumbi unadaiwa kiasi gani ni mwenyekiti wa kamati.

Juu ya Makamu Mkuu wa Chuo lipo Baraza la Chuo, chombo cha juu cha uongozi, kinachopitisha bajeti, mipango na ajira za ngazi za juu. Mambo ya taaluma, yaani kozi gani ifundishwe, nani amefaulu na nani arudie mwaka, ni ya Seneti. Kutenganisha vyombo hivi viwili si urasimu wa bure. Baraza lina watu wengi wa nje ya chuo, na si sawa mtu wa nje, hata awe na cheo gani, aamue alama za mwanafunzi; kadhalika si sawa maprofesa wenyewe wajipangie bajeti bila mtu wa nje kuuliza. Mzazi anayepeleka malalamiko ya matokeo kwa mjumbe wa Baraza anayemfahamu amegonga mlango usio wake. Chini ya Makamu Mkuu wa Chuo wapo manaibu, mmoja wa upande wa taaluma, utafiti na ushauri, mwingine wa upande wa mipango, utawala na fedha, kisha wakurugenzi.

Uti wa mgongo wa chuo chochote ni idara, ambako wahadhiri wa somo moja hukaa pamoja. Idara zinazohusiana hukusanywa katika ndaki au shule kuu. Zamani kilichokusanya idara kiliitwa kitivo, na viongozi wake walikuwa maamidi. Katikati ya muongo wa 2010 SUA iliingia katika mfumo wa ndaki, kila moja ikiongozwa na rasi. Zipo ndaki za kilimo, za misitu, wanyamapori na utalii, za tiba ya mifugo na sayansi shirikishi, za uchumi na biashara, za sayansi asilia, na za sayansi za jamii, pamoja na shule kuu za uhandisi na za elimu. Ukiyasoma majina hayo polepole, utaona kwamba sehemu tatu za kitivo cha mwaka 1976, yaani kilimo, misitu na mifugo, bado zinaonekana, na kwamba yaliyoongezeka ni yale ambayo kilimo cha leo hakiwezi kwenda bila hayo: masoko, mashine, maji, takwimu na ualimu.

Zaidi ya ndaki kuna vyombo vyenye kazi maalumu. Taasisi ya Elimu ya Kujiendeleza hupeleka maarifa kwa wakulima na watu wazima walio nje ya madarasa. Maktaba nayo ina hadhi isiyo ya kawaida: tangu mwaka 1991, kwa sheria ya Bunge, ndiyo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, kwa hiyo inawahudumia wana-SUA na wakati huohuo ni ghala la kumbukumbu za kilimo za nchi nzima. Mtu anayeandika kuhusu kilimo akiwa Dar es Salaam, akakosa alichokitafuta mjini, ataelekezwa huko.

Kuhusu kampasi, huwezi kusema tu kwamba mtoto anakwenda SUA ukadhani umemaliza. Kampasi kuu, iitwayo Edward Moringe, iko kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Morogoro. Upande mwingine wa mji, Mazimbu, iko kampasi ya Solomon Mahlangu, ambayo historia yake si ya kilimo hata kidogo. Eneo hilo lililokuwa la mkonge lilitolewa na Serikali ya Tanzania kwa chama cha ANC cha Afrika Kusini, na mwaka 1978 chama hicho kikajenga hapo shule ya watoto wa wapigania uhuru waliokuwa uhamishoni, ikapewa jina la kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu mwaka 1979. Ubaguzi ulipokaribia kuanguka, mwaka 1992 ANC iliirudisha kwa Tanzania, na SUA ikakabidhiwa majengo. Makaburi ya wakimbizi wa Afrika Kusini yangali Mazimbu, na wanafunzi wa sayansi hupita karibu nayo wakienda vipindini. Vilevile chuo kina msitu wa mafunzo Olmotonyi karibu na Arusha, msitu wa Mazumbai katika milima ya Usambara, kampasi ya Tunduru mkoani Ruvuma, na kampasi ya Mizengo Pinda mkoani Katavi. Barua ya udahili isomwe hadi mwisho kabla ya kukata tiketi ya treni, kwa sababu Morogoro ni safari ya asubuhi moja na Katavi ni habari nyingine.

Harage moja na milango minne

Turudi kwenye ile gharama niliyoitaja. Ili kuiona, tufuate harage.

Maharage yana ua dogo linalojichavusha lenyewe. Mtafiti anayetaka kuunganisha sifa za aina mbili hana budi kuliwahi ua kabla halijafunguka, kulipasua taratibu kwa kibano, kuondoa chavua zake zote bila kuumiza sehemu ya kike, kisha kulipaka chavua ya mmea mwingine. Maua mengi hudondoka kwa kushikwashikwa. Yanayobaki hutoa punje chache, na hizo hupandwa, huchaguliwa na kupandwa tena kwa vizazi kadhaa, mpaka sifa zitulie na kila punje ifanane na mwenzake. Kwa njia hiyo, Morogoro ilitoa aina ya SUA 90 mwaka 1990, Rojo yenye punje nyekundu mwaka 1997, na mwaka 2006 zikafuata Pesa na Mshindi. Watafiti walitafuta mmea unaostahimili magonjwa kama batobato, lakini pia walipaswa kumfikiria mama wa Tandale anayeuliza mambo mawili tu mbele ya gunia: yanaiva haraka, na mchuzi wake ni mzito? Mbegu inayozaa sana lakini inamaliza mkaa jikoni haitanunuliwa.

Mpaka hapo chuo kimefanya kazi yake. Lakini kuanzia hapo harage si lake tena. Ili iruhusiwe kuuzwa, mbegu hupitia kwa TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Ili izalishwe kwa wingi, zipo ASA, ambayo ni wakala wa mbegu wa Serikali, na kampuni binafsi. Na ili mkulima wa Kisarawe ajue kwamba mbegu hiyo ipo na jinsi ya kuipanda, anahitaji afisa ugani, ambaye mwajiri wake ni halmashauri, chini ya TAMISEMI. TOSCI na ASA zote zina makao makuu Morogoro, mji uleule wa SUA, jambo linalowafanya wageni wadhani ni idara za chuo. Si idara za chuo, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo SUA inaweza kuipa amri.

Hapo ndipo ilipo gharama ya kukaa nje ya Wizara ya Kilimo. Chuo kinaweza kuvumbua, kuandika na kufundisha, ila hakina mkono wake wa kufika kijijini. Kinategemea wahitimu wake waliotawanyika katika halmashauri na miradi ya utafiti yenye mwanzo na mwisho. Mradi unapoisha, gari linarudi Morogoro. Lawama kwamba utafiti unabaki kwenye makabati haina budi kugawanywa kwa haki kati ya milango yote minne, maana harage hukwama zaidi kwenye korido baina ya mlango na mlango kuliko ndani ya chumba chochote.

Mkanganyiko huohuo upo kwa mifugo. Mfugaji wa kuku wa Goba au Kinyerezi ambaye banda lake limeingiwa na kideri husikika akilalamika kwamba SUA haimsaidii. SUA huzalisha madaktari wa mifugo, kwa mafunzo ya miaka 5, na ina hospitali ya wanyama inayopokea rufaa. Lakini uchunguzi wa maabara kwa mfugaji wa Dar es Salaam uko jirani zaidi, katika maabara ya mifugo ya TVLA pale Temeke, na ushauri wa kila siku ni wa afisa mifugo wa kata. Kwa utafiti wa mazao pia, jiji lina kituo chake cha TARI Mikocheni, ambacho watu wengi hukipita bila kujua kinafanya nini.

Kuhusu kushika jembe

Je, mtoto atalima? Ndiyo, kwa kiasi. Mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya shahada, na mwanafunzi wa kilimo asiyewahi kuotesha kitalu ni sawa na bure. Lakini sehemu kubwa ya masomo ni kemia ya udongo, fiziolojia ya mimea, takwimu, jenetiki na uchumi. Ndani ya chuo hichohicho wapo wanaosomea lishe ya binadamu, sayansi ya chakula, uhandisi wa umwagiliaji, utalii, ufugaji wa samaki na ualimu wa sayansi. Wapo wanaohitimu bila kugusa jembe hata mara moja, na sioni kwamba hilo ni jambo la kujivunia wala la kuonea aibu.

Hata kwa mtu asiyekusudia kulima, kazi ya chuo hiki inagusa maisha ya jiji. Mto Ruvu, unaotegemewa na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kuleta maji Dar es Salaam, unaanzia katika milima ya Uluguru, na jinsi mteremko wa Mgeta unavyolimwa ndivyo matope yanavyopungua au kuongezeka mtoni. Watafiti wa Morogoro wamefanya kazi Mgeta kwa miongo mingi, na huko ndiko walikopeleka mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway miaka ya themanini, ili familia yenye kipande kidogo cha mlima ipate maziwa na samadi bila kuhitaji malisho ya ng'ombe. Halafu kuna mkaa. Abiria wa basi la Morogoro, baada ya Chalinze, hupita katika miombo ya Kitulangalo. Sehemu ya msitu huo ni msitu wa mafunzo wa SUA, na humo wanafunzi hupima miti inavyochipua tena baada ya kukatwa. Magunia yanayouzwa kando ya barabara ileile yanaishia katika majiko yetu.

Na panya? Wapo kweli. Shirika la APOPO, lililoanzia Ubelgiji, lilihamishia mafunzo yake SUA mwaka 2000, na hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Sampuli za makohozi kutoka vituo vya afya, vikiwemo vya Dar es Salaam, hupashwa moto kwanza ili kuua vimelea, kisha hupangwa chini ya matundu ya kizimba. Panya hupita akinusa tundu moja baada ya jingine, na anapokuta harufu ya kifua kikuu husimama na kukwaruza. Panya aitwaye Magawa, mzaliwa wa Tanzania aliyefanya kazi ya kutafuta mabomu Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza mwaka 2020. Hata hivyo APOPO ni shirika linaloshirikiana na chuo. Si idara ya chuo, na hakuna shahada ya kufunza panya, swali ambalo huulizwa mara nyingi kuliko unavyoweza kufikiri.

Waliobaki na wasiwasi wa ajira wajue kwamba chuo hakiajiri kwa niaba ya Wizara ya Kilimo, na mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora, maarufu kama BBT, ni wa wizara hiyo. Maombi ya udahili nayo, tangu 2017, hupelekwa moja kwa moja kwenye chuo husika, TCU ikibaki na kazi ya kusimamia na kuthibitisha. Mkopo huombwa Bodi ya Mikopo, si chuoni.

Jambo la mwisho linalochanganya ni kwamba SUA sasa si mahali pekee pa shahada ya kilimo katika vyuo vya umma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya kuondokewa na kitivo chake mwaka 1984, kimeanzisha upya Ndaki ya Sayansi za Kilimo na Teknolojia ya Chakula. Kuna pia Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, kilichoko Butiama mkoani Mara, ambacho jina lake huwapeleka baadhi ya watu Kigamboni, kwenye Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambako kilimo hakihusiki kabisa. Anayechagua kati ya vyuo hivyo atazame programu yenyewe kwenye mwongozo wa udahili wa TCU: jina lake, muda wake na tahasusi zinazokubaliwa. Jina la chuo peke yake halimwambii hata moja kati ya hayo.